Jumuiya ya kushirikishana maisha, sio ya kusomeana michango tu (mwongozo kamili)

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, na kwa wale wenzetu wa upande wa pili Bwana Yesu asifiwe. Haya nayaandika nikiwa na jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikatoliki kichwani, ila mwenye ushirika wa nyumbani wa Kilutheri, Kianglikana au wa walokole achukue humo humo, mambo ni yale yale.

Jumuiya nyingi huku mjini mnajua zinavyokwenda. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi watu wako barazani kwenye viti vya plastiki, rozari inaenda mbio, somo linasomwa, anafafanua mtu mmoja ambaye ni yule yule kila wiki, halafu katibu anafungua daftari na hapo sasa ndio muda wote unaishia: zaka, mchango wa ujenzi, mchango wa sikukuu ya parokia, fulani bado hajamalizia, fulani anadaiwa tangu mwaka jana. Saa moja na nusu watu wameshatawanyika. Na kwenye hao hao waliokaa pale kulikuwa na baba amesimamishwa kazi tangu mwezi uliopita na hakuna anayejua, na mama ambaye binti yake kaondoka nyumbani hajulikani alipo, yeye kajibu "tunamshukuru Mungu" kama kila mtu, kabeba khanga yake kaondoka.

Na hata siku tukiwapa watu nafasi ya kushuhudia, tunachopokea ni ushuhuda uliokwisha. Nilikuwa naumwa nimepona, nilikosa mtoto nimepata, nilikosa kazi sasa hivi nimeajiriwa, makofi, Bwana asifiwe. Mimi sina ugomvi na hizo shuhuda, ni nzuri, shida ni kwamba mwenye jambo ambalo bado linaendelea hana pa kusimama. Hana mwisho wa kutuletea. Kwa hiyo ananyamaza, akishanyamaza muda mrefu anaanza kukosa wiki moja moja, baadaye tunasikia ameacha kabisa na tunasema imani yake ilikuwa ndogo. Kwa ninavyoona mimi imani za watu wengi zinafia hapo, wala sio kwenye mafundisho. Hivyo mwongozo wote huu unaelekea sehemu moja tu, namna ya kuijenga jumuiya ambamo mtu anaweza kusimulia jambo lililoko katikati na wenzake wakakaa nalo bila kumlazimisha alimalize.

Kabla ya hatua, tujue tulitoka wapi

Hii ni fupi lakini ina maana, kwa sababu kuna viongozi ukiwaambia punguzeni michango kwenye jumuiya wanakuona unaleta kitu kigeni. Maaskofu wa Kongo walipitisha mpango wa jumuiya hai za Kikanisa mwaka 1961, Mtaguso wa Pili wa Vatikano hata haujafunguliwa. Maaskofu wa huku kwetu Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walikaa Nairobi mwaka 1973, wakarudia mwaka 1976, wakaamua jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji, na sababu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: parokia ni kubwa mno, padre mmoja ana vigango vingi, Mkristo anaweza kusali miaka kumi kanisa moja na asijulikane na mtu. Walitaka watu wajuane majina, wajuane shida, wasome Neno pamoja na wasaidiane. Daftari la michango limekuja likapanda juu ya hilo baadaye.

Na wenzetu Waprotestanti wana urithi wao kwenye hili. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, kwenye miaka ya 1930 ukaenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulitembea kwa ushirika wa majumbani, watu wanakaa, kila mmoja anasema alipo na Bwana, wanaita kutembea nuruni, ni ile 1 Yohana 1:7. Walitaka habari za sasa. Mtu hakuruhusiwa kujificha nyuma ya siku aliyookoka zamani, waliuliza wiki hii je. Hicho kimoja tu tukikichukua tumeshasogea mbele.

Hatua ya kwanza: fanya nyumba zote ziwe za kukaribisha

Anza na mahali, usianze na roho. Ukweli ambao hausemwi hadharani ni kwamba watu wengi wanakwepa zamu ya kukaribisha jumuiya kwa sababu ya chai. Nyumba ya kwanza waliweka chapati na maharage, ya pili wakaweka soda na sambusa, ya tatu huyo mama anauza mchicha, anahesabu watu ishirini, anasema Jumamosi ijayo nitakuwa nimesafiri. Na huyo ndiye mwenye hadithi tunayoihitaji.

Kubalianeni kwa sauti, sio kwa kunong'onezana, kwamba jumuiya ni maji ya kunywa na basi. Mwenye uwezo wake akitaka kupika asubiri sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake. Viti navyo, msimlazimishe mtu kwenda kuazima, mikeka ipo. Mkishaondoa hiyo aibu mtashangaa zamu zinavyojaa, na mtu akikaa kwake, kwenye mkeka wake, kuku wake wanapita hapo mlangoni, anaongea tofauti kabisa na anavyoongea kwa mwenyekiti mwenye makochi.

Idadi nayo. Unakuta kwenye daftari kuna kaya thelathini na wanaofika ni nane au kumi na wawili. Hao kumi na wawili wanatosha, msihangaike na wasiofika kwa faini. Wakizidi ishirini kwa kweli gawanyikeni wakati wa kushirikishana, duara mbili, kwa sababu watu ishirini hawawezi kuongea wote na wapole ndio watakaokosa.

Hatua ya pili: toa pesa katikati

Sijasema msichange. Kanisa linahitaji zaka, misiba inahitaji rambirambi, na jumuiya inayosaidiana kwa pesa ni jumuiya nzuri. Ninachosema ni mpangilio. Mambo ya fedha yawe mwisho kabisa, dakika kumi za kuangalia saa, na mhazini apokee kwa simu katikati ya wiki ili Jumamosi atoe taarifa tu. Na jambo moja ambalo nalisisitiza mpaka watu wanichoke: majina ya ambao hawajatoa yasisomwe mbele za watu. Yaani umsome mtu kwamba anadaiwa elfu kumi, halafu dakika tano baadaye umwombe afungue moyo wake? Hatofungua, na ana haki.

Anayedaiwa afuatwe nyumbani na mtu mmoja, tena aanze kwa kumuuliza hali. Mara nyingi deni ndilo linalokuonyesha kwamba kuna jambo.

Hatua ya tatu: Neno kwanza, na lisomwe polepole

Hapa ndio kuna kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kusimuliana bila Neno kunageuka umbea wenye sala, tumeona. Na Neno bila kusimuliana linageuka mahubiri ya pili ya wiki. Njia niliyoona inashika vizuri vyote viwili ni ile ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, waliieneza mapadre wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao wote wawili baadaye wakawa maaskofu. Parokia nyingi zinaijua kwa jina, wachache wanaifanya yote, wengi wanaruka sehemu ya kimya maana kimya kinatuogopesha.

Inakwenda hivi. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi ya maneno yake. Mwingine anasoma Injili, mara moja, taratibu. Halafu kila anayetaka anatamka neno au kipande kimoja tu kilichomgusa, anakirudia mara tatu akiacha nafasi katikati, bila kueleza chochote, na mkimaliza somo linasomwa tena. Kisha kimya, dakika tatu mpaka tano, wekeni saa ya simu ili mwongozaji asidanganyike kwamba sekunde arobaini ni dakika tano. Baada ya kimya ndio kushirikishana, kila mmoja aseme hilo neno limegusa wapi maisha yake, hapa hamna kuhubiri, hamna kubishana, hamna kumjibu mwenzako. Halafu mnajiuliza tufanye nini wiki hii. Mnamaliza kwa sala za papo kwa papo na wimbo.

Hiyo ya kurudia neno mara tatu mwanzoni watu wanacheka, hasa vijana. Endeleeni tu. Inamsaidia asiyejua kusoma vizuri kushiriki sawa na mwalimu, maana kipande cha maneno matatu kila mtu anaweza kukibeba kichwani, na bibi ambaye hajawahi kuongea kwenye jumuiya mwaka mzima utamsikia anasema "kaa nasi", "kaa nasi", "kaa nasi".

Masomo ya kuanzia msichukue magumu. Emau, Luka 24, ndio la kwanza kwangu, kwa sababu wale wanafunzi wawili njiani, Yesu ameshasulubiwa, wanasimulia hadithi ambayo kwao imeharibika, wanasema tulikuwa tukitumaini, wakati uliopita, na Bwana anatembea nao umbali wote huo anawaacha waongee wamalize kwanza ndipo aanze kufafanua. Anawauliza maneno gani haya mnayosemezana, kana kwamba hajui. Viongozi wa jumuiya wangesoma hapo kila mwezi.

La pili ni Hana, 1 Samweli sura ya kwanza. Anaomba mtoto kwa uchungu midomo inacheza sauti haitoki, kuhani Eli anamtazama anasema huyu mama kalewa. Kuhani! Kiongozi kabisa wa mahali pa ibada kamsoma vibaya mwenye shida. Hana anamjibu kwa heshima, hapana bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni. Sasa angalieni mstari wa 18: anaondoka, anakula, na uso wake haukunjamani tena. Samweli hajazaliwa. Mimba yenyewe hajapata. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwake, Penina mke mwenzake yuko pale pale na maneno yake. Kilichotokea ni kwamba amesema yote mbele za Mungu na kuna mtu mmoja hatimaye kamsikiliza na kumwambia nenda kwa amani. Tumaini lake limeanza kabla ya jibu, na sisi ushuhuda wa Hana tumezoea kuuanzia kwenye mtoto.

Mengine: Ruthu sura ya kwanza ambapo Naomi anakataa jina lake zuri anasema niiteni Mara. Yule baba wa Marko 9:24 aliyesema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Na Zaburi, chukueni ya 13, na mkishakomaa chukueni ya 88 ambayo inaisha gizani, haina "lakini nitakusifu" mwishoni kama zenzake, na imo kwenye Biblia hivyo hivyo. Mtu akisikia kwamba Mungu mwenyewe kaiacha sala isiyo na mwisho mzuri ndani ya kitabu chake, na yeye anapata ujasiri wa kuleta ya kwake.

Hatua ya nne: wafundishe watu kusimulia

Watu wengi wanaposhindwa kusimulia ni kwa sababu hawajui waanzie wapi, wala sio kwamba hawana la kusema. Wengine wanaanzia walipozaliwa, kijiji, babu, vita vya Kagera, dakika ishirini zimeisha bado hajafika mjini.

Mwambieni kila mtu: dakika tano. Anzia kwenye siku moja au jambo moja. Sema lililotokea, sema ulichokisikia moyoni, sema umefika wapi sasa hivi, na kama kuna neno la Mungu linalokushika lisemwe, kama hakuna usilitunge. Unaweza kuishia na "bado sijui". Hiyo sentensi iruhusiwe rasmi, mwongozaji aitamke mwenyewe siku ya kwanza: hapa kwetu unaruhusiwa kumalizia na bado sijui.

Tofauti unaisikia. Mtu akisema "nimepitia magumu mengi lakini Mungu ni mwema", amesema kitu cha kweli ambacho hakuna anayeweza kukishika. Kuna mama mmoja muuza vitumbua tulikaa naye, zamu ilipomfikia akasema yeye hana ushuhuda, yeye ana swali. Akasema kila alfajiri anapowasha jiko anaomba kwa ajili ya kijana wake anayetumia madawa, anaomba mpaka mafuta yachemke, na siku hiyo alipokuwa anaomba kijana alikuwa anaondoka na mtungi wa gesi kwenda kuuza. "Sasa nyie niambieni, niendelee kuomba au niamke nifunge mlango?" Watu wakacheka na yeye akacheka huku analia. Pale barazani hakuna aliyemjibu, ila wiki iliyofuata wababa wawili waliongea, watoto wao nao wako huko huko kwenye madawa, na walikuwa majirani zake wa miaka mingi.

Kanuni moja isivunjwe: simulia lako. La mume, la mke, la mtoto mkubwa, unalisema kwa kadiri linavyokugusa wewe, na kama kuna siri ya mtu ndani yake muulize kwanza. Usije ukamfunulia mwenzio hali yake ya afya ukaita ushuhuda.

Na lugha. Kama mko kijijini, au hata mjini na mko wa kabila moja wengi, mwacheni mzee aseme kwa kilugha na mjukuu atafsiri. Kuna uchungu haukubali Kiswahili sanifu.

Hatua ya tano: jifunzeni kusikiliza, hii ndio ngumu kupita zote

Rafiki zake Ayubu wanasemwa vibaya lakini walianza vizuri sana. Walikuja, wakararua mavazi, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu mno. Iko Ayubu 2:13. Waliharibu walipofungua midomo.

Kuna maneno ambayo nashauri jumuiya iyafungie kabati wakati mtu akisimulia. "Mungu ana makusudi yake." Labda, ila wewe huyajui. "Ungekuwa na imani." Hili ni la ukatili kabisa hata likisemwa kwa upole. "Afadhali wewe, mimi mwaka ule…", hapo umemnyang'anya hadithi yake katikati ya mdomo. Na lile la haraka haraka, "basi tumwombee", linalotamkwa mtu hajamaliza hata sentensi, tunalitumia kumfunga mdomo kwa njia takatifu kwa sababu sisi ndio tumeshindwa kuvumilia.

Badala yake semeni "pole". Pole yetu ni neno zima, haihitaji kuongezewa maelezo. Semeni asante kwa kutuamini. Mkitaka muulizeni swali moja tu: ungependa tukusaidieje, au ungependa tukuombee nini hasa? Muulizeni yeye aseme, msimchagulie, mnaweza kudhani anataka kazi kumbe anataka apate usingizi. Kisha ombeni hilo alilolisema.

Warumi 12:15 inasema tulie na wanaolia. Haisemi tuwanyamazishe.

Mwongozaji ndiye mlinzi wa hili. Mtu akianza kuhubiri kwenye hadithi ya mwenzake, mwongozaji anamkatiza kwa adabu, "baba samahani, tumwache mama amalize." Akishakatizwa mzee mmoja mwenye heshima mara moja, wengine wanaelewa. Kwa hiyo mwongozaji asiwe kijana asiyeweza kumkatiza mzee, au kama ni kijana, wazee wampe ruhusa hiyo hadharani mapema kabisa.

Hatua ya sita: siri, na mipaka ya siri

Linalosemwa kwenye jumuiya libaki kwenye jumuiya, hata kwa mke aliyebaki nyumbani. Grupu la WhatsApp la jumuiya libaki la ratiba na misiba. Msiandike humo "tumwombee fulani ndoa yake ina matatizo", kesho imeshafowadiwa grupu la kanda, keshokutwa grupu la parokia, na mwenye ndoa anaisoma kwenye daladala. Nimeona watu wamehama jumuiya, wengine wamehama dhehebu, kwa meseji moja ya namna hiyo iliyoandikwa kwa nia nzuri.

Lakini kuna siri ambazo hazitunzwi na viongozi wajue tangu mwanzo, waseme kabisa mbele ya wote. Mtoto anapigwa, anaumizwa au amefanyiwa ukatili wa kingono: hiyo haisuluhishwi kwenye jumuiya, haiitiwi kikao cha wazee wa pande mbili, inakwenda polisi dawati la jinsia na watoto, na namba 116 inapigwa bure Tanzania na Kenya pia kwa mambo ya watoto. Mama anayepigwa, msimwambie avumilie kama Kristo, msindikizeni. Mtu anayesema anataka kujitoa uhai asiachwe kurudi nyumbani peke yake siku hiyo, mtu akae naye na apelekwe hospitali, sala zifuate humo humo njiani. Na likitokea la mtu kushuhudia kwamba kaombewa kwa hiyo kaacha dawa zake za presha, za sukari au za kufubaza virusi, mwongozaji aongee hapo hapo kwa upole lakini wazi kwamba jumuiya yetu inaomba na dawa inamezwa, hakuna kuacha dawa bila daktari, maana wenye dawa zao wengine wamekaa kimya hapo wanasikiliza nao waamue nini.

Hatua ya saba: hadithi izae kitendo, ila kidogo

Kwenye kampeni za Kwaresima za Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki Kenya kuna ule utaratibu wa kuona, kuamua na kutenda, kila wiki kuna kisa, watu wanakiangalia, wanakipima kwa Neno, wanaamua la kufanya. Ni utaratibu mzuri wa kuchukua hata nje ya Kwaresima.

Kitendo kiwe kidogo na kiwe na jina la mtu na siku. "Tutamsaidia mama" sio kitendo. "Jumanne nitaenda naye kliniki, tutaonana kituoni saa moja asubuhi" ndio kitendo. Kumchotea mtu maji siku mbili, kukaa na watoto wake, kumpigia simu kijana wake ambaye anakuheshimu. Msigeuze kila hadithi kuwa harambee, kwa sababu mkifanya hivyo watu wataanza kusimulia shida zinazochangiwa na kuficha zisizochangiwa, na zisizochangiwa ndio nyingi. Aliyefiwa na mtoto mwaka jana anachotaka ni mtu mmoja alitaje tu jina la mtoto, hahitaji bahasha tena.

Hatua ya nane: tunzeni kumbukumbu

Nunueni daftari la pili, tofauti na lile la michango. Kila wiki mtu mmoja anaandika tarehe, somo lililosomwa, na mstari mmoja au miwili ya yale ambayo wenyewe wamekubali yaandikwe. Bila majina kama hawataki. "Tunaomba kwa ajili ya kijana wa mwenzetu." "Mwenzetu amepata matokeo ya vipimo, anaogopa." Lile daftari lilale nyumbani kwa mtu mnayemwamini na lisizunguke.

Kisha siku ya sikukuu ya somo wa jumuiya yenu, kabla ya pilau, someni daftari hilo la mwaka mzima mbele ya wote. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa waokote mawe kumi na mawili ili watoto wakiuliza mawe haya maana yake nini wapate kujibiwa, Yoshua 4. Someni yale yaliyojibiwa, na yale ambayo hayajajibiwa someni pia, kwa sauti ile ile, msiyanong'one. Kuna kitu kinatokea hapo ambacho mafundisho hayawezi kukileta: mtu anasikia ombi lake la Februari ambalo bado halijajibiwa, na anagundua kwamba Februari alidhani hatafika Juni, na sasa ni Oktoba na yupo, kakaa hapo, na watu wale wale wako pembeni yake. Paulo anasema dhiki inazaa saburi, saburi inazaa uthabiti wa moyo, uthabiti unazaa tumaini, Warumi 5. Peke yako huwezi kuuona huo mnyororo kwa sababu uko ndani yake. Anayeuona ni mwenzako aliyekuwa anaandika.

Mambo yatakayowasumbua

Wanaume hawaji. Kila jumuiya inalia hili. Ushauri wangu msiwasubiri kwenye viti. Wanaume wengi wanaongea mikono ikiwa na kazi, nendeni mkafyatue tofali za mjane, mkachimbe msingi, mkae usiku kwenye msiba kuota moto, mle ndani utasikia ushuhuda ambao hutausikia barazani miaka kumi. Mmoja akishaongea huko mwambie Jumamosi njoo uyaseme yale yale. Wengine watakuja.

Vijana wanaona jumuiya ni ya wamama. Wapeni zamu ya kuongoza hatua saba na msiwasahihishe kila neno.

Kuna yule anayeongea kila wiki, hadithi ile ile. Msimchoke haraka, lakini kiongozi amtembelee nyumbani amsikilize mpaka mwisho, mara nyingi akishasikilizwa vizuri mara moja anapungua mwenyewe. Kama bado, ni dakika tano kama wengine.

Walioko nje, Oman, Uingereza, Marekani, wanaokutana kwa simu: kimya cha dakika tano kwenye simu kinawezekana, waambieni tu watu mapema wasidhani mtandao umekata. Na msirekodi.

Wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza msisimulie kabisa, someni Emau kwa hatua saba, elezeni kanuni ya dakika tano, ya siri na mipaka yake, na ya bado sijui, funga na wimbo. Wiki ya pili someni Hana, na mwongozaji awe wa kwanza kusimulia jambo lake ambalo halijaisha, tena la kweli, asilete la mwaka 1998. Yeye akileta ushuhuda uliopigwa pasi, wote watapiga pasi za kwao. Wiki ya tatu Zaburi ya 13, ongezeni muda wa kushirikishana, punguzeni maelezo. Wiki ya nne kaeni mjiulize imekuwaje, nani hajaongea na anataka kuongea, nani ameumizwa na neno la nani, mwombaneni msamaha hapo hapo, halafu pangeni zamu za nyumba na zamu za waongozaji za miezi mitatu.

Zamu za kuongoza zisimwangukie mwenyekiti kila mara. Akisafiri msiahirishe, na akiwepo akae kwenye mkeka kama wengine, aongoze mwingine kabisa, hata binti wa kidato cha pili, ilimradi simu yake ina chaji ya kuhesabia dakika.